Shida iliondoka, mazoea yakabaki

Wadau, wengi mmeniomba niweke hapa niliyoongea Jumamosi iliyopita pale ukumbini Area C, hapa Dodoma, kwenye kikao chetu cha wasomaji, maana mvua ile iliwakatisha watu wengi njiani na wale wa Nkuhungu na Ihumwa hawakufika kabisa. Nimeandika vile vile nilivyoongea.

Mbukwenyi!

Wazazi wetu mliokaa hapa mbele, shikamooni. Wadogo zangu wanafunzi wa chuo mliojazana kule nyuma, mambo zenu. Asanteni kwa kuja, najua Jumamosi saa kumi jioni mtu ana nguo za kufua, ana msiba, ana kikao cha harusi, lakini mmekuja.

Naomba nianze na swali, mnijibu kwa mkono tu. Nani hapa nyumbani kwao kuna kopo la Blue Band ambalo ndani yake hamna Blue Band? Haya, wengi. Nani mama yake au bibi yake anakata mche wa sabuni vipande halafu anavianika vikauke ili visiishe haraka? Naona mikono. Nani nyumbani kwao kuna vyombo vya kabatini ambavyo nyie wa nyumbani hamvigusi, vinamsubiri mgeni ambaye labda anakuja mara moja kwa mwaka?

Sasa hayo mambo vijana mnayaita ubahili, wengine mnayaita ushamba. Mimi leo nimekuja kuwaambia kwamba hayo mambo yana mwaka. Kila moja lina mwaka wake. Uchumi ulianguka mwaka fulani, watu wakatafuta namna ya kuishi, shida ikaondoka, ile namna ikabaki, na sisi tuliozaliwa baadaye tukadhani ndio asili yetu. Shida iliondoka, mazoea yakabaki. Muziki tunaosikiliza, nguo tunazovaa, maneno tunayoongea, hata huu mji tuliokaa leo, ukichimba chini unakuta uchumi uliodorora mahali fulani.

Mimi ni mwalimu wa historia, nimezaliwa Kongwa mwaka 1975, kwa hiyo nitachanganya ya vitabuni na ya nyumbani, mnivumilie.

Nianze na kwetu Kongwa kwa sababu nataka mwone kwamba shida ya uchumi hata ikitokea mbali sana inaweza ikaja ikakaa jikoni kwako. Vita vya pili vya dunia viliisha 1945, Uingereza imeshinda, lakini imeshinda ikiwa imefilisika. Chakula kilikuwa kinatolewa kwa kadi, mafuta ya kupikia kwa kadi, siagi kwa kadi, nyama kwa kadi, na hizo kadi hazikuisha kabisa mpaka 1954. Mnaelewa hiyo? Watu walioshinda vita walikaa miaka 9 baada ya vita wakipimiwa chakula. Sasa mama wa London hana mafuta ya kukaangia samaki, serikali yake inakaa inajiuliza mafuta tutayapata wapi, mtu anasema tukalime karanga Afrika. Ndio wakaja Kongwa 1947. Walipanga kusafisha ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa Tanganyika. Walileta matrekta, na mengine yalikuwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta, yaani kifaru kilichokusudiwa kumpiga Mjerumani kinapambana na mbuyu wa Kongwa, na mbuyu unashinda. Ardhi yenyewe mnaijua, mvua ikikata tu inakauka kama saruji, karanga ikiwa chini huitoi. Januari 1951 wakafunga, paundi milioni 36 zimepotea.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wa waliong'oa visiki. Alikuwa akisimulia anasema hakuwahi kuelewa wale watu walikuwa na haraka ya nini. Yaani siku zote hakuelewa ile haraka. Mpaka nimekuja kusoma chuoni ndio nikajua ile haraka ilikuwa ya kikaangio cha London. Na kilichobaki Kongwa ni nini? Ranchi ya Kongwa, ile ya ng'ombe, ilianzia kwenye yale mashamba ya karanga. Na majengo waliyoyaacha ndio yaliyokuja kuwa kambi ya wapigania uhuru miaka ya 60, wakina FRELIMO, ANC, SWAPO wakakaa pale. Hakuna aliyepanga hivyo. Kadi ya siagi ya Uingereza ikazaa kambi ya ukombozi wa kusini mwa Afrika, na mpaka leo vijana wa Kongwa tunajivunia hiyo historia kana kwamba ilishuka kutoka mbinguni.

Sasa twende mwaka 1973, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ukinipa mwaka mmoja tu wa kufundishia somo hili nitachagua huo.

Agosti 11, 1973, New York, mtaa wa Bronx, jengo namba 1520 Sedgwick Avenue. Kuna binti alikuwa anataka hela ya nguo za kufungulia shule. Akaandaa disko kwenye ukumbi wa chini wa lile jengo wanaloishi, kiingilio wasichana senti 25, wavulana senti 50. Kaka yake Clive Campbell, kijana mwenye asili ya Jamaika, mtaani wanamwita DJ Kool Herc, akapiga santuri. Mtindo wake ulikuwa kuchukua kile kipande kifupi ambacho waimbaji wananyamaza inabaki ngoma tu, anakirudia na kukirudia kwa kutumia mashine mbili, watu wanachanganyikiwa. Hiyo siku wengi wanaihesabu kama siku ya kuzaliwa ya hip hop. Na Bronx ile ilikuwa imechoka, majengo yanaungua, kazi hamna, na miaka miwili baadaye, 1975, jiji zima la New York likakaribia kufilisika, walimu maelfu wakaachishwa kazi, na masomo ya muziki yakawa kati ya ya kwanza kukatwa. Sasa mtoto asiye na mwalimu wa tarumbeta wala tarumbeta yenyewe anafanya muziki na nini? Anafanya na kilichobaki ndani ya nyumba. Santuri za wazazi na mdomo wake mwenyewe.

Huko Uingereza nao, mwisho wa mwaka huo huo wa 1973, mafuta yamepanda na wachimba makaa wamegoma, serikali ikatangaza viwanda vifanye kazi siku 3 tu kwa wiki kuanzia Januari 1974, hata televisheni ikawa inazimwa saa nne na nusu usiku. Watoto waliokulia giza lile ndio waliokuja kupiga muziki wa hasira miaka ya 76 na 77. Na wapo wengine mnaowapenda sana humu, najua, kwenye kumbi za reggae za hapa Dodoma lazima wapigwe: UB40. Hilo jina mnajua linatoka wapi? Ni fomu ya serikali. Fomu namba 40 ya kuombea posho ya kukosa ajira. Vijana wa Birmingham, 1978, hawana kazi, wanakwenda kusaini ile fomu, wakaanzisha bendi wakaipa jina la ile fomu, na kasha la santuri yao ya kwanza ya 1980 wakalichora kama fomu yenyewe. Mimi nimecheza nyimbo zao kwenye harusi miaka na miaka sijui kwamba ninacheza karatasi ya mtu asiye na kazi.

Naomba mshike hiyo ya santuri na mdomo, tutairudia.

Sasa hapa kwetu mwaka huo huo. Oktoba 1, 1973, TANU wanaamua makao makuu yahamie Dodoma. Mpango ni miaka 10. Na Oktoba hiyo hiyo, siku chache tu baadaye, vita vya Mashariki ya Kati, Waarabu wanakata mafuta, pipa lililokuwa kama dola 3 linafika karibu dola 12 ndani ya miezi michache. Mwezi mmoja! Mji umetangazwa na hela ya kuujenga imeanza kuondoka ndani ya mwezi mmoja. Ukame ukafuata 1973 na 1974, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, vita vya Kagera 1978 mpaka 1979, mafuta yakapanda tena 1979. Kwa hiyo ule mpango wa miaka 10 ukachukua zaidi ya 40, mpaka 2016 ndio serikali ikaanza kuhama kweli kweli.

Mnaona basi Dodoma tuliyokulia sisi ilikuwa mji wa namna gani? Ilikuwa mji wa kusubiri. Viwanja vimepimwa, barabara zimechorwa pana, nyumba hamna. Bunge likiwa linakaa gesti zinajaa, kuku wa kienyeji wanapanda bei, likiahirishwa mji unalala. Watu walijenga gesti kabla ya kujenga maduka. Hata namna yetu ya kuongea ilikuwa hivyo, mtu anakuuliza wewe ni mwenyeji au umekuja kwa kikao, hilo ndilo swali la kwanza. Vijana mnaosema Dodoma haina shamrashamra kama Dar, mimi nawaomba mkumbuke kwamba shamrashamra za mji zinataka watu waliokaa, wenye pesa mfukoni kila wiki, miaka ishirini mfululizo, na sisi tulinyang'anywa hiyo miaka kabla hata hatujaanza. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu naupenda mji huu na nimechoka kusikia unaitwa mji uliolala.

Tuje miaka ya 80 sasa. Wazee wangu hapa mbele naona mmeshaanza kutikisa vichwa.

Mimi nilikuwa na miaka 8 mwaka 1983. Kila kitu kilikuwa foleni. Sukari foleni, sabuni foleni, khanga foleni, mafuta ya taa foleni. Harusi ilikuwa inataka kibali cha sukari na mchele kama vile ni silaha. Magari ya watu binafsi Jumapili kuanzia saa nane mchana hayaruhusiwi kutembea, kuokoa petroli. Duka la ushirika pale kwetu lilikuwa likisikika tu kwamba gari limeleta mzigo, watu wanakwenda usiku, na kwa kuwa huwezi kulala pale na una watoto, unaacha jiwe. Foleni ya mawe. Jiwe la mama yangu lilikuwa na doa la chokaa upande mmoja, kubwa kama ngumi mbili hivi, nilikuwa natumwa alfajiri kwenda kuangalia kama jiwe letu liko palepale au kuna mtu amelisogeza nyuma. Na niwaambie, watu waliheshimu mawe. Mtu anaweza kugombana na mama yangu mchana kutwa lakini hagusi jiwe lake. Nguo tulifua kwa majani ya mpapai, unayaponda yanatoa povu dogo la kijani, nguo nyeupe inabaki na rangi ya maji ya mto lakini inatakata. Kandambili ikikatika unapiga msumari kwa chini. Betri za redio zikiisha unazianika juani, zinakupa taarifa ya habari moja zaidi. Mto wa bibi niliokuwa nalalia ulishonwa kwa mfuko wa chakula cha msaada kutoka Marekani, una mikono miwili imeshikana, nilikuwa nalala shavu langu liko juu ya ile mikono.

Na hapa nitoe habari moja fupi. Kwenye ule mdororo mkubwa wa miaka ya 30, uliotokana na soko la hisa kuanguka 1929, huko huko Marekani mtu mmoja kati ya wanne alikuwa hana kazi mwaka 1933, na kina mama wa vijijini walikuwa wanashona magauni kwa mifuko ya unga wa ngano. Wenye viwanda vya unga walipogundua hilo wakaanza kuchapa maua kwenye mifuko, na maandishi ya kampuni wakayaandika kwa wino unaotoka ukifua. Mama anakwenda dukani anachagua unga kwa kuangalia maua. Nilipolisoma hilo nilikumbuka mto wa bibi nikakaa kimya muda mrefu. Miaka 50 imepita, bahari iko katikati, mwanamke yule yule mwenye sindano.

Mwishoni mwa Machi 1983 Waziri Mkuu Sokoine akaanza ile vita ya wahujumu uchumi. Walanguzi na watu wa magendo wakakamatwa, na waliokuwa na mali ndani wakaanza kuitupa usiku. Hapa nataka mnisikilize vizuri. Asubuhi moja tunakwenda kuchota maji, tunapita korongoni, mchanga mkavu kabisa, na pale mchangani kuna miche ya sabuni ya bluu. Mirefu, mizima, haijakatwa, kama ishirini hivi. Sisi watoto tulikuwa hatujaona mche mzima wa sabuni muda mrefu mpaka mmoja wetu akauliza hiki ni nini. Nikabeba miwili nikaifunga kwenye khanga nikakimbia nyumbani nikijua mama atafurahi. Mama alipoiona alikaa chini. Alikaa chini kabisa sakafuni. Akaniambia nani amekuona? Akaizika nyuma ya jiko, mchana kweupe akiangalia huku na huku, na ikakaa pale miezi. Tukaendelea kufua na majani ya mpapai huku sabuni iko chini ya ardhi hatua kumi kutoka tulipokaa.

Mwaka uliofuata, Aprili 12, 1984, Sokoine akafariki kwa ajali kule Morogoro akitoka hapa hapa Dodoma kwenye Bunge, na watu wale wale walioogopa kukutwa na sabuni walimlia. Nimeona kwa macho yangu mama akilia. Kwa hiyo msiwaulize wazazi wenu kama ile miaka ilikuwa mizuri au mibaya, hawawezi kuwajibu kwa neno moja.

Sasa unapomwona mama wa umri ule leo anakata sabuni vipande anaianika, unamcheka nini?

Halafu milango ikafunguliwa. 1984 serikali ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni aingize bidhaa bila kuulizwa sana alizitoa wapi, 1985 akaingia Mzee Mwinyi, mzee wa ruksa, 1986 tukakubaliana na IMF, lile Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi ikashushwa kutoka 17 kwa dola mpaka 40. Mitumba ikajaa. Mwanzoni watu waliona aibu, zikaitwa kafa Ulaya, yaani mwenyewe amekufa huko Ulaya sisi tunavaa alivyoacha. Leo nani anaona aibu? Vijana wa hapa wanaamka alfajiri kuwahi robota linapofunguliwa Sabasaba, na mtu aliyevaa vizuri kuliko wote humu ndani, sitamtaja, najua nguo yake imetoka kwenye robota. Jina la dharau limekufa, kuvaa kumebaki.

Na hapo ndipo narudi kwenye santuri na mdomo.

Muziki wa dansi wa kwetu ulikuwa una mwenyewe, na mwenyewe alikuwa shirika au chama. Bendi ya chama cha wafanyakazi iliitwa NUTA, chama kilipobadilika jina bendi ikawa JUWATA, kikabadilika tena ikawa OTTU, ndio hao hao Msondo. Mlimani Park walikuwa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mpiga gitaa alikuwa mwajiriwa anapokea mshahara mwisho wa mwezi kama karani. Ni jambo zuri sana, na sijui kama litarudi. Lakini mashirika yalipoanza kuyumba, gita likikatika waya, waya unataka fedha za kigeni, fedha za kigeni zinatakiwa kununua mafuta na dawa, nani atakupa za waya wa gita? Wenye bendi wakahangaika, wengine wakakimbilia nje kupiga hotelini.

Mwaka 1992 kaka yangu alikuwa bado kijana, tumeshahamia Dodoma mjini, Chang'ombe. Alikuwa na redio kaseti moja aliyoitengeneza mwenyewe mara kumi. Anapata kaseti ya Wamarekani, anatafuta ule upande ambao wameacha biti tupu, anairudisha nyuma kwa kuzungusha kalamu ili asimalize betri, halafu anaimba juu yake kwa Kiswahili, anaongea habari za mwalimu aliyemfukuza kwa kukosa ada. Baba yangu, mtu wa dansi kabisa, alikuwa anakasirika, anasema huo sio muziki, huo ni ugomvi. Gita liko wapi? Tarumbeta liko wapi? Na kaka akamjibu siku moja kwa heshima zote, akamwambia, baba, niletee tarumbeta nitapiga. Baba hakujibu. Hakuwa na la kujibu kwa sababu alikuwa amepunguzwa kazini mwaka ule.

Mnaiona hiyo? Kijana wa Bronx na kijana wa Chang'ombe walikosa tarumbeta kwa sababu zinazofanana, na wakatumia dawa ileile. Redio na televisheni za watu binafsi zilipokuja 1994 wale vijana wakawa tayari wana kitu mkononi, miaka michache baadaye kikaitwa Bongo Flava. Na Bongo yenyewe ni nini? Ni ubongo. Dar iliitwa Bongo kwa sababu bila kutumia akili pale huli. Jina la njaa, leo ndio jina la nchi, watu wanajiita Wabongo wakiwa ughaibuni na machozi yanawatoka.

Maneno, jamani. Maneno yanakaa kuliko kitu chochote. Ule unga wa mahindi ya njano wa msaada tuliuita yanga kwa sababu ya rangi za jezi. Daladala, ambayo watu wengi tuliopo tumeipanda leo kuja hapa, ni sarafu ya shilingi 5, iliyoitwa dala, nauli ya yale magari ya watu binafsi yalipohalalishwa Dar 1983 baada ya mabasi ya shirika kuzidiwa. Machinga, vijana wa Lindi na Mtwara waliokuja mjini kuuza vitu mkononi ajira zilipokauka, leo hapa Dodoma tuna soko kubwa limejengwa Barabara ya Bahi lina jina hilo. Miaka ya kupunguzwa kazi na kubinafsisha, kukosa hela kukaitwa ukapa. Juzi juzi, 2016, 2017, vyuma vimekaza. Kila uchumi ukibana, Waswahili tunautolea neno, na neno linakaa mjini mpaka aliyelitunga amesahaulika. Mimi wanafunzi wangu nawaambia wakitaka kujua mwaka gani ulikuwa mgumu wasianze na takwimu za benki, waanze na misimu ya mtaani.

Ya mdororo wa dunia wa 2008 sitakaa nayo sana, iligusa zaidi wenzetu. Nitasema tu kwamba wale jamaa wawili wa San Francisco walioshindwa kodi ya nyumba mwishoni mwa 2007 wakapangisha wageni magodoro ya upepo sebuleni, ndio Airbnb hiyo, na sasa hivi pale Iyumbu na Area D kuna watu wanaishi kwa hiyo kazi. Ubao wa gesti tuliuanza sisi miaka ya 80, ila hatukuwa na intaneti.

Kabla sijakaa, kuna jambo nataka niliseme wazi kwa sababu najua mtu atatoka hapa anasema mwalimu kasema shida ni nzuri, inaleta ubunifu. Sijasema hivyo. Naomba mnielewe. Kwa kila kijana mmoja aliyegeuza kaseti ikawa muziki wapo kumi waliokaa kijiweni mpaka wakazeeka. Ada za shule za msingi zilirudishwa katikati ya miaka ya 80, zimekuja kufutwa 2001, na kati ya hapo nilikuwa na rafiki, tulikuwa tunakaa dawati moja, nilikuwa namnakilia hesabu yeye ananinakilia Kiswahili, alikuwa anaandika insha kuliko mimi, kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha tangu hapo. Alitoka darasa la tano. Kitu gani kilitokana na shida yake? Hakuna wimbo, hakuna neno la mtaani. Kuna insha ambazo hazikuandikwa. Utamaduni wa miaka ile una hizo pia ndani yake, na hizo hatuwezi kuziimba.

Ninachowaomba ni kimoja na kina haraka. Waliopanga yale mawe wanaondoka. Mwaka huu tu pale kwetu Kongwa nimezika watatu. Una simu yenye kinasa sauti, una bibi, una mama, kaa naye jioni muulize jiwe lake lilikuwaje, sabuni alifichaje, harusi yake kibali cha sukari kilitoka kwa nani. Usiulize kwa ujumla, uliza kitu kimoja, atakupa kumi.

Mama yangu yupo, ana miaka 78, anakaa kwangu Nkuhungu. Mnakumbuka Januari na Februari 2024 sukari ilivyoadimika, kutoka elfu mbili na mia saba hivi ikapaa mpaka elfu nne, mahali pengine zaidi ya hapo, na dukani hamna. Nimezunguka Majengo, nimezunguka Sabasaba, nimerudi mikono mitupu nimechoka. Nikamwambia mama leo chai ni kavu. Hakusema kitu. Akaingia chumbani, nikasikia anavuta sanduku lake la bati chini ya kitanda, akarudi na kilo tatu. Kumbe miaka yote hii kila nikimpa hela ya matumizi ananunua moja anaweka, mbele ya nyingine, anazungusha, ya zamani inaliwa mpya inaingia. Miaka 40 anazungusha sukari chini ya kitanda.

Nikadhani tutakunywa chai. Akaniambia lete glasi. Akapima glasi moja moja kwenye karatasi, akazifunga vile wanavyofunga karanga, na akaniambia hii mpelekee mama wa nyumba ya pili ana mtoto mdogo, hii kwa yule mjane wa kule kona, hii ya fundi. Zikabaki glasi mbili zetu. Nikiwa natoka na zile karatasi mkononi akaniita mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Na dukani umeacha jiwe?"

Asanteni sana kwa kunisikiliza.